Mwanao anataka kupanda gari la wasanii? Mtafute kwanza meneja wa ziara

Ndugu mzazi, simu iliingia Jumapili usiku nikiwa najiandaa kulala. Alikuwa dada yangu, anayeishi kwetu Lionja, mkoani Lindi. Siku hiyo hakuwa na salamu ndefu kama kawaida yake.

"Mdogo wangu, mwanao anataka kuondoka," alisema.

Mwanangu huyo ni binti yake wa kwanza. Mimi ni mama mdogo, kwa hiyo kwetu huyo ni mwanangu bila maelezo zaidi. Ana miaka 18 na alikuwa ameweka kalamu chini siku chache tu baada ya mtihani wa kidato cha nne. Kikundi cha maigizo kutoka Dar es Salaam kilikuwa kimeingia wilayani na mchezo wa kuhamasisha afya. Mmoja wa waigizaji wao wa kike aliugua na kurudishwa nyumbani. Walimwona binti yetu kwenye mchezo wa mahafali shuleni, wakamtaka ajaze nafasi. Kazi yenyewe ilikuwa ya wiki sita, Nachingwea, Ruangwa, kisha Masasi, Newala na Tandahimba. Posho ipo.

Baba yake alikubali haraka, labda kwa sababu ya hiyo posho. Mama yake alikuwa nusu nusu. Lakini wasomaji wa kusini mnajua kwamba kwetu Wamwera mambo ya mtoto hayaishii kwa baba na mama. Mjomba lazima aseme neno. Mjomba wa binti huyu ni kaka yetu mkubwa, mtu wa maneno machache. Alipoelezwa habari yote aliuliza swali moja tu.

"Huko njiani, nani atamhesabu?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Ndipo wakanikumbuka mimi. Wewe si mwandishi, wakasema, na mambo ya afya ndiyo kazi yako. Katuulizie.

Nikiri kwamba mwanzoni sikujua pa kuanzia. Nilitaka kuuliza kikundi kina umaarufu gani na mchezo unahusu nini. Mwenzangu wa dawati la utamaduni, aliyeandika habari za wasanii miaka mingi kuliko mimi, alinirekebisha. Usiulize nani anaigiza, aliniambia. Uliza meneja wao wa ziara ni nani, kisha kaa naye siku mbili tatu umtazame.

Nilipata ruhusa kazini, nikapanda basi kwenda nyumbani. Nilikaa na kikundi hicho siku nne. Sitakitaja jina, na meneja mwenyewe aliniomba nisimtaje. Lakini nilichokiona kinamhusu kila mzazi ambaye mtoto wake ana kipaji cha kuimba, kucheza ngoma, sarakasi au maigizo.

Kazi isiyoonekana jukwaani

Wengi wetu tuliokulia mikoani tunakumbuka, au tumesimuliwa na wazazi wetu, jinsi vikundi kama Tanzania One Theatre (TOT) na Muungano vilivyokuwa vikizunguka nchi miaka ya 1990 na ngoma, vichekesho, taarabu na maigizo. Kusini msimu wa korosho ndio wakati mzuri kwa vikundi. Watu wana fedha mkononi na kila mwenye spika anataka kuja.

Kuna pia sanaa inayozunguka kwa ajili ya elimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Penina Muhando Mlama, walikwenda Malya mkoani Mwanza na baadaye Msoga mkoani Pwani kufanya maigizo pamoja na wanakijiji kuhusu matatizo yao wenyewe. Mwaka 1996 ukaanza mradi wa Tuseme, uliowapa wasichana wa sekondari jukwaa la kusema yanayowakwamisha shuleni. Tangu hapo tumezoea kuona wasanii wakija kijijini na mchezo wa malaria, Ukimwi au mimba za utotoni.

Sisi watazamaji tunaona saa moja na nusu ya mchezo. Nyuma ya saa hiyo moja na nusu kuna mtu anayejua gari limebeba mafuta kiasi gani, nani hajala, nani anakohoa, nani kagombana na nani, na kama mtendaji wa kijiji kijacho amepokea barua. Huyo ndiye meneja wa ziara.

Huyu niliyemkuta ni mama wa miaka arobaini na kitu. Alianza kama mchezaji ngoma, goti likamsumbua, akahamia nyuma ya jukwaa. Vijana wanamwita mama, na yeye hatembei bila kaunta buku lake lenye jalada gumu. Kila kitu kimo humo.

Kwa ziara hii alitangulia peke yake wiki mbili kabla. Alipita kwa afisa utamaduni wa wilaya kuhusu vibali, kwa sababu maonyesho ya michezo ya kuigiza mbele ya umma yana sheria yake tangu mwaka 1976. Kwa kuwa mchezo ni wa afya, alipita pia kwa mganga mkuu wa wilaya ili wasije wakafundisha kitu kinachopingana na kinachosemwa zahanati. Kisha alikwenda kijiji kwa kijiji. Alitazama uwanja, akatazama choo, akauliza maji yanatoka wapi, akahesabu vyumba vya gesti, akaandika umbali wa zahanati ya karibu na namba ya simu ya mganga wake.

Nilimuuliza kwa nini choo kinatangulia kuliko jukwaa. Alinijibu kwamba jukwaa anaweza kulitengeneza kwa kamba na maturubai. Msichana anayecheza saa mbili na yuko kwenye siku zake hawezi kutengenezewa choo dakika ya mwisho.

Siku moja ilivyo

Saa 10 alfajiri yeye na dereva wako macho. Dereva anakagua matairi na maji, yeye anapiga simu kijiji kinachofuata. Saa 12 anagonga milango ya vijana. Saa 1 ni chai na kitu cha kushiba, viazi au chapati na maharage. Hakuna anayepanda gari bila kula. Nilidhani ni ukali tu, mpaka alipoeleza kwamba miaka ya nyuma kijana aliwahi kuzimia jukwaani saa 9 alasiri akiwa na njaa tangu jana yake, na watazamaji wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Kabla gari halijaondoka anahesabu watu. Hahesabu kwa macho, anaita majina kutoka kwenye kaunta buku na kila mmoja anaitika. Walikuwa 14, pamoja na dereva na fundi mitambo. Wakisimama kuchimba dawa njiani, wanaitwa tena kabla ya kuondoka. Vijana wanacheka, lakini wanaitika.

Mchana ni kushusha spika, jenereta, nyaya na maleba. Fundi anafunga mitambo huku meneja akizungumza na mama lishe kuhusu chakula cha jioni. Anataka ugali, mbaazi au samaki, na mboga za majani, na maji ya kunywa yawe yamechemshwa au ya chupa. Anasema kuharisha kwa mtu mmoja kunaweza kuua maonyesho ya siku tatu.

Jioni ni mchezo. Huu ulikuwa kuhusu mama mjamzito ambaye mume wake anamchelewesha kliniki, na malaria inamkuta bila kinga. Wanawake wa kwetu walicheka, kisha wakanyamaza. Kwa mwandishi wa afya kama mimi, kimya kile kilikuwa na thamani kuliko mabango kumi.

Baada ya mchezo ni kufungasha. Hapo ndipo watu wamechoka, giza limeingia, na mambo mengi huharibika. Hapo pia ndipo nilipopata jibu la swali la kaka yangu.

Usiku wa Lionja

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya kwetu. Mvua za kwanza za msimu zilinyesha alasiri nzima. Mchezo uliopangwa saa 10 jioni ukaanza saa 1 usiku kwa mwanga wa jenereta. Watu walijaa hata hivyo. Mpaka vyombo vinapandishwa garini ilikuwa saa 5 usiku, na barabara ilikuwa tope tupu.

Ratiba ilisema walale Ruangwa, ambako asubuhi walitakiwa kuonyesha shuleni. Kwenye ramani si mbali. Simu ya meneja ikaita. Alikuwa kiongozi wa kikundi, aliyekuwa Dar es Salaam. Nilikaa karibu, nikasikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini ulinitosha kuelewa. Gesti ya Ruangwa ilikuwa imeshalipiwa. Kulala Lionja ni hasara. Dereva ni mzoefu. Vijana wanaweza kusinzia garini.

Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba dereva yuko macho tangu saa 10 alfajiri, gari halitoki, na kama fedha ya gesti imepotea basi ikatwe kwenye malipo yake. Akakata simu. Mikono ilikuwa inamtetemeka kidogo.

Ndugu mzazi, fanya hesabu hiyo. Kutoka saa 10 alfajiri hadi saa 5 usiku ni saa 19. Watafiti wamewahi kulinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe. Walikuta kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anaweza kufanya makosa kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24, inakuwa karibu mara mbili ya hapo. Dereva wetu hakuwa amegusa tone la pombe, lakini mwili wake ulikuwa karibu na huko, tena kwenye tope na giza.

Historia yetu ya muziki imeandikwa pia barabarani. Mbaraka Mwinshehe, gwiji wa Morogoro, alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa akiwa Kenya kwa shughuli za muziki. Machi 2011, gari la kundi la Five Stars Modern Taarab lilipata ajali usiku eneo la Mikumi, Morogoro, likirejea kutoka maonyesho ya mikoani. Watu 13 walipoteza maisha. Sizitaji ajali hizi kumlaumu dereva yeyote, kwa sababu kila ajali ina mambo yake. Nazitaja kwa sababu wanaoburudisha watu usiku ndio hao hao wanaosafiri usiku, na lazima awepo mtu mwenye uwezo wa kusema leo hatuondoki.

Basi, walilala Lionja. Mwalimu mkuu alifungua madarasa mawili, moja la wasichana na moja la wavulana. Habari zilienea haraka kama zinavyoenea kwetu, na mikeka ikaanza kuja kutoka majumbani. Kaka yangu mwenyewe alikuja na mikeka miwili begani. Alimkuta meneja anafunga vyandarua kwa kamba kwenye madirisha, kwa sababu vyandarua vyake anatembea navyo kwenye sanduku la maleba. Alipomaliza, alichukua tochi na kaunta buku, akaita majina 14 darasa kwa darasa.

Kaka alisimama mlangoni akitazama. Kisha akamsogelea.

"Mama, hivi unafanya kila siku?"

"Kila siku, kaka yangu. Hawa ni watoto wa watu."

Kaka hakusema zaidi. Alimpa namba yake ya simu, na meneja akaiandika pembeni ya nafasi ambayo bado haikuwa na jina.

Asubuhi dada alileta uji wa kutosha. Kikundi kilifika Ruangwa kimechelewa saa mbili, meneja akaomba radhi kwa mwalimu, mchezo ukachezwa mchana. Hakuna aliyekufa kwa kuchelewa.

Sheria inasemaje kuhusu kupumzika

Kwenye maonyesho makubwa ya nje, mapumziko si hisani ya meneja. Uingereza, kwa mfano, kanuni za mwaka 1998 zinampa mfanyakazi saa 11 za kupumzika kila siku. Wengi hawajui kwamba sheria yetu ni nzuri zaidi kwa hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na saa 24 mfululizo kila wiki. Saa 12 hizo zinaweza kupungua hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti.

Tatizo ni neno mwajiriwa. Wasanii wengi wanaozunguka hawana mkataba. Wana maelewano ya mdomo na ahadi ya posho. Ndiyo maana usalama wao unabaki kutegemea utu na msimamo wa mtu mmoja. Ukimpata kama huyu wa Lionja, una bahati. Ukimpata anayesema ndiyo kwa kila simu ya bosi, mwanao yuko kwenye gari hilo saa 5 usiku.

Nani anamhesabu meneja?

Usiku ule, baada ya taa kuzimwa, tulikaa naye kibarazani. Alitoa simu kutazama picha za wanawe wawili, wanaolelewa na bibi yao Mbagala. Mdogo alikuwa amemaliza darasa la saba mwaka huo na mahafali yalifanyika yeye akiwa ziarani. Huwa anawapigia jioni, lakini jioni ndiyo saa ya mchezo, kwa hiyo mara nyingi anakuta wamelala. Alisema watoto wake wanafahamiana zaidi na sauti yake kuliko na uso wake. Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa zamani.

Kwa mazoea ya kazi nilimuuliza kuhusu afya yake. Ana shinikizo la juu la damu, aligundulika miaka mitatu iliyopita. Nilimuuliza kama amekunywa dawa leo. Alifikiri, akafungua mkoba, akahesabu vidonge. Siku mbili zilikuwa zimepita.

Huyu ndiye mtu anayejua kidonge cha pumu cha mpiga ngoma kiko mfuko gani, na nani ana mzio wa samaki. Jina lake mwenyewe halimo kwenye kaunta buku. Kichwa kikimuuma anameza dawa za maumivu akiwa hajala, na baadhi ya dawa hizo huumiza tumbo na zinaweza kupandisha presha yake zaidi.

Nilimwambia ukweli kama ninavyowaambia wasomaji wangu. Dawa ya presha haifanyi kazi ikinywewa siku unapokumbuka. Presha haina kelele, na mtu anaweza kujisikia mzima mpaka siku ya kiharusi. Tukakubaliana kitu kidogo. Fundi mitambo, kijana makini, ataita jina la meneja la 15 kila asubuhi, na kuitika kwake ni kuonyesha kidonge. Alicheka sana. Asubuhi yake nilisikia likiitwa.

Naomba mzazi unayesoma hapa usipite haraka. Wengi wenu ni mameneja wa ziara ndani ya nyumba zenu. Mnajua chanjo za wote, ada za wote, vipimo vya viatu vya wote. Kliniki yako wewe ni lini?

Maswali ya kuuliza kabla hujaruhusu

Hivi ndivyo nilivyowaandikia nyumbani, na nawapa na ninyi. Mtoto aliye chini ya miaka 18 na aliye shuleni abaki shuleni. Akiwa mtu mzima, muulizeni mhusika haya:

1. Meneja wa ziara ni nani? Zungumza naye mwenyewe kwa simu. Chukua pia namba ya mtu mwingine wa kikundi ambaye hayuko safarini.

2. Kikundi kimesajiliwa? Wasanii na vikundi vyao husajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Ofisi ya utamaduni ya wilaya inaweza kukusaidia kujua kama ziara inafahamika.

3. Kuna makubaliano ya maandishi? Yaonyeshe posho, idadi ya siku, nani analipa matibabu na nani analipa nauli ya kurudi.

4. Gari linatembea usiku? Dereva ni mmoja au wawili? Analala saa ngapi?

5. Analala wapi na anakaa chumba kimoja na nani? Mlango una komeo kwa ndani?

6. Akiumwa itakuwaje? Ana bima? Kuna sanduku la huduma ya kwanza na vyandarua?

7. Siku ya kupumzika ni ipi? Kijana wa miaka 18 bado anahitaji usingizi wa saa 8 kwa usiku. Anayetumia sauti kila siku anahitaji maji ya kutosha na siku ya kunyamaza. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, akamwone daktari.

8. Akitaka kurudi katikati ya ziara, inawezekana? Mwenye nia njema hatakasirika kuulizwa hili.

Kuna jambo la tisa ambalo utamwambia mwanao, si kikundi. Mwambie wazi, wa kike na wa kiume, kwamba hakuna nafasi jukwaani inayolipiwa kwa mwili. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Kwa aliye chini ya miaka 18, namba 116 ya simu kwa mtoto hupigwa bure. Mwambie pia kwamba akikupigia usiku wa manane hutaanza kwa kumgombeza.

Alikwenda?

Alikwenda. Mjomba wake alisema ndiyo, na ndiyo ya mjomba ilifunga mjadala. Siku ya kuondoka jina lake liliandikwa kwenye kaunta buku, pembeni ya namba ya simu iliyokuwa inamsubiri. Kila Jumapili mama yake alipata simu. Wiki ya nne binti alitaka kuacha, alikuwa amechoka na amegombana na mwenzake. Meneja alimpa siku mbili za kupumzika na nauli mfukoni, akamwambia achague mwenyewe. Akabaki.

Alirudi Lionja katikati ya Januari, mwembamba kidogo na mwenye maneno mengi. Siku ya tisa akapata homa na kichwa kikamgonga. Dada alitaka kusubiri, labda ni uchovu wa safari. Binti ndiye aliyekataa. Alisema walifundishwa kabla ya kuagana kwamba malaria kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya ziara ipimwe siku hiyo hiyo. Walikwenda zahanati asubuhi, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, akapewa dawa mseto, akazinywa zote kwa chakula mpaka dozi ikaisha hata baada ya kupata nafuu. Kipimo cha pili hakikuhitajika kumshawishi mama yake.

Kama mwanao anarudi kutoka safari yoyote, ya sanaa, ya michezo au ya masomo, fanya hivyo hivyo. Mweleze mhudumu alikotoka. Usimpe dawa za mabaki za kabatini.

Wiki iliyopita nilimpigia meneja kumsalimu. Walikuwa mkoa mwingine, nasikia jenereta likinguruma nyuma yake. Kabla sijauliza, alinitangulia. Amekunywa, alisema, na presha yake imepimwa. Kisha nikamsikia akiwageukia vijana na kuanza kuita majina, nikakata simu ili nisimchanganye hesabu.

Tukutane wiki ijayo.